Mwaka wa Kumwosha Chipo

Mama Shiru alipofariki mwaka huu, nilipigiwa simu asubuhi nikiwa naosha vyombo, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Kawangware, uani kwake, nimekalia kiti cha plastiki kati ya watu nisiowajua. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipanga ratiba ya mazishi alinijia akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Alitazama buibui langu, akatazama Biblia zilizokuwa mapajani mwa akina mama wa kanisa walionizunguka, akangoja. Sikuwa binti, wala jirani, wala mpangaji. Nikamwambia, "Zamani nilikuwa namwoshea mbwa." Kijana fulani nyuma yangu akacheka, akidhani natania. Lakini Tata Nyambura, dada yake marehemu, ambaye siku hizi macho yamemwishia nguvu, aliitambua sauti yangu kutoka upande wa pili wa hema. "Huyo ni Halima," akasema. "Mleteni akae hapa mbele na sisi." Nikaenda nikakaa mbele, akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka maombi yalipokwisha.

Ya kwetu Kibera na ya watu walionilea nitayaacha. Yana wasimulizi wake. Mimi ninaloweza kulisimulia ni la mwaka mmoja, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya ila kukaa Makina, mtaa wetu wa Kibera, nikimsaidia haboba, bibi yangu, kupika gurusa, chapati za maji za Kinubi, za kuuza asubuhi. Mteja wetu mmoja alituambia kuna nyumba Kawangware ambako binti wa mwenye ploti anaumwa, na mama yake anatafuta msichana wa kupika na kufua. Nilikwenda siku iliyofuata. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, nyuma yake safu mbili za vyumba vya mabati vya wapangaji, na katikati ua mpana wenye tangi la maji, kamba za kuanikia nguo na mpasheni uliotambaa juu ya waya ukatoa kivuli. Chini ya kivuli hicho, katika kiti cha kochi kilichotolewa nje, alikaa msichana aliyefunga kitambaa cha maua kichwani. Miguuni pake alilala mbwa mwenye manyoya marefu, meupe ambayo hayakuwa meupe tena, mchanganyiko wa wale mbwa wadogo wa kizungu na koko wa mtaani. Msichana aliniangalia viatu, kisha sketi, kisha nywele zilizochungulia kwenye mtandio.

"Sasa," akasema.

"Poa."

"Nani alikusuka hizo laini za mbele? Amekuvuta sana. Utabaki na kipara kama mimi."

Ndivyo nilivyokutana na Shiru. Jina lake lote lilikuwa Wanjiru, lakini sikumsikia yeyote akiliita ila daktari, na mamake mara mojamoja. Alinizidi miaka michache. Alikuwa msusi, na hadi mwaka uliotangulia alikuwa na saluni yake karibu na steji, yeye na rafiki yake mmoja, mpaka saratani ya damu ilipomlaza. Walipoifunga saluni, chupa zote zilihamia chumbani kwake. Zilijaa rafu nzima iliyotazamana na kitanda: shampuu za nywele kavu, za nywele za dawa, kondishena za nazi, za mayai, za asali, mafuta ya kila rangi. Kemo ilimng'oa nywele zote, nyusi pia, lakini hakukubali rafu ile iguswe. Niliifuta vumbi kila siku, na kila siku aliniambia nirudishe kila chupa ilipokuwa.

Kazi yangu ilikuwa jikoni. Mama Shiru aliniambia hivyo siku ya kwanza, akinionyesha jiko la makaa na la gesi, na mtungi wa unga wa wimbi. "Na mbwa si kazi yako," akasema. "Najua nyinyi Waislamu. Hata mimi simgusi. Mbwa kwetu ni wa geti, si wa kiti." Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekusanya kodi ya nyumba akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. Ukimwona tu na bintiye ungedhani wamekosana. Alimpimia joto, akamhesabia vidonge, akambadilishia shuka, yote bila neno, kisha akatoka haraka kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Shiru naye alinyamaza mamake akiingia. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba hawakuwa wamekosana hata kidogo. Kila mmoja aliogopa akifungua mdomo atalia, na kwamba mwenzake ataona.

Dawa zilimharibu Shiru kinywa na pua. Mukimo, ambao mamake alimpondea kwa mikono yake mwenyewe, aliusukuma kando. Githeri hakutaka hata harufu yake. Nilipomletea gurusa mbili za haboba, nyembamba, nikazinyunyizia sukari na kumpa na maziwa baridi, alizila zote, na tangu hapo nikawa napika gurusa kila asubuhi katika jiko lile la Kikuyu. Harufu ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Kitunguu kikikaangwa kwa mpangaji yeyote, alitapika. Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba alilala na Chipo kitandani, kwa sababu Chipo alinuka. Alikuwa ameokotwa akiwa mtoto nyuma ya kibanda cha chipsi, ndiyo maana ya jina lake, na baada ya Shiru kuugua hakuna aliyekuwa akimwosha. Manyoya yalifungana mafundo tumboni na nyuma ya masikio. "Simsikii," Shiru alisema nilipomuuliza juu ya ile harufu. "Au namsikia, lakini yeye hanichefui. Sijui. Labda ni kwa sababu ni wetu."

Halafu Shiru na mamake wakarudi hospitalini kwa vipimo, na daktari akasema damu ya Shiru haina tena askari wa kumlinda. Kidonda kidogo, mafua ya mtoto, uchafu wa mnyama, chochote kingeweza kumuua. Mama Shiru alirudi akiwa ameshaamua. Nilikuwa nikichagua mchele, na niliwasikia kupitia dirishani.

"Mjomba wako Limuru atamchukua. Ana shamba. Mbwa atakimbia vizuri."

"Mama, daktari alisema awe safi. Hakusema aende."

"Nani atamsafisha? Wewe? Na hiyo mikono?" Mkono mmoja wa Shiru ulikuwa na mrija uliobandikwa kwa plasta, haukutakiwa kulowa. "Mimi? Wanjiru, mimi siwezi kumgusa. Nimejaribu. Siwezi."

Shiru alilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kutomwamsha mtoto, na jioni hiyo hakula. Kesho yake pia hakula, gurusa zikakauka sahanini. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili yangu ya kwenda nyumbani, nilimweleza haboba jambo lote. Sisi kwetu mate ya mbwa na mwili wake uliolowa ni najisi. Si chuki, ni utaratibu wa usafi kabla ya kusimama kusali, na tangu utotoni nilikuwa nimefundishwa kumpisha mbwa njiani. Nilidhani haboba atanikataza, na nadhani nilitaka anikataze. Alikuwa akikanda unga. "Kwani mikono yako ni ya karatasi?" akasema. "Muoshe huyo mbwa, halafu ujioshe vile tulikufundisha. Maji Mungu aliyaumba ya kazi gani?" Kisha akanituma Soko la Toi, nikarudi na koti la mvua la mitumba, la mtu mnene, na glavu za mpira zilizonifika viwikoni. Nilipoingia na vitu hivyo uani kwa Mama Shiru, nikamwambia Chipo ataoshwa kila Jumamosi na atalala kwenye mkeka wake mwenyewe, alitazama lile koti, akatazama zile glavu. "Tutaona," akasema. Hakumpigia mjomba wa Limuru simu.

Jumamosi ya kwanza nilitumia sabuni ya kipande, ile ya kufulia, kwa sababu ndivyo nilivyoona walinzi wakiwaosha mbwa wao. Shiru alikuwa kwenye kochi lake akipiga kelele. "Halima! Hiyo ni ya mashati! Manze, utamfanya awe kamba!" Manyoya yalikakamaa kweli, mafundo yakazidi. Jumamosi ya pili akaniamuru niende chumbani nimletee chupa. Alifikiri sana kabla ya kuchagua. Aliniambia nizisimamishe zote kwenye kigoda mbele yake, kisha akaziondoa moja moja kama mwalimu anayechuja wanafunzi. Ile ina nguvu mno, ile ni ya nywele zilizotiwa rangi, ile nyingine ni maji tu na jina kubwa. Mwishowe zikabaki mbili, shampuu ya bei aliyokuwa akiwawekea wateja wa harusi, na kondishena ya nazi ya aina hiyohiyo. "Sasa huyu ni bibi harusi," akasema. Chipo alitoka kwenye beseni akiwa mweupe wa kung'aa, manyoya yamelala kama hariri, na wapangaji walitoka vyumbani kumwona. Hata mimi, ndani ya koti langu la mtu mnene, nilijiona fundi. Shiru alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Kufikia katikati ya wiki Chipo alikuwa akijikuna bila kupumzika. Tumbo likawa jekundu, magamba meupe yakaanza kuanguka kwenye mkeka, kisha manyoya yakaanza kutoka kwa mafungu ubavuni. Shiru alimpapasa kwa mkono wake mzima, akakiangalia kifungu kilichobaki kiganjani. "Na wewe pia?" akamwambia. Na harufu ya nazi, ambayo alikuwa ameipenda maisha yake yote ya kazi, ilimpanda puani ikamtapisha usiku na mchana, mpaka nikamfulia blanketi mara mbili. Akaniambia niziondoe chumbani chupa zote za rafu, nizipeleke stoo, na akageukia ukuta nilipokuwa nikizibeba. Nafikiri jambo hilo lilimuumiza kuliko nywele. Nywele alikuwa amenyang'anywa na ugonjwa. Chupa zile zilikuwa kazi yake, kitu alichokijua, na zilikuwa zimemgeuka.

"Sasa mbwa ana upele," Mama Shiru alisema jikoni, bila hasira, amechoka tu. "Halima, si umejaribu. Mwache aende."

Nikamwomba siku moja. Nilimfunga Chipo kamba, nikavaa koti langu, nikamvuta hadi agroveti, duka la dawa za mifugo, iliyokuwa barabara ya juu, ambako daktari wa mifugo alikuja siku za soko. Alikuwa mama wa makamo, Daktari Achieng', mwenye sauti ya taratibu. Alimpandisha Chipo mezani, akamkwaruza ngozi kidogo kwa kisu, akatazama kwenye hadubini yake ndogo. Nilimweleza kuhusu mgonjwa nyumbani. Nilimweleza pia kuhusu shampuu ya bibi harusi.

"Huu si ukurutu," akasema. "Hamna kitu cha kuambukiza mtu hapa. Hii ni sabuni. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, na ina mafuta yake. Shampuu ya watu inayatoa yote, anabaki mkavu, anajikuna, anajitia vidonda."

Nikamwonyesha chupa ya kuua viroboto iliyokuwa kwenye kaunta, yenye picha ya mbwa mkubwa. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni dawa kali. Mbwa ana vidonda, na nyumba ina mtu wa kemo? Hapana. Viroboto utawatoa kwa kichana." Akanionyesha tatu nyingine: moja ya mbwa weupe, moja ya watoto wa mbwa, na moja ya ngozi inayowasha, iliyotengenezwa kwa oti na haina manukato. Kondishena pia zilikuwepo, za mbwa, na akasema mbwa wa manyoya marefu anazihitaji, la sivyo kila ukimchana utamkata nywele na ngozi. Sikujua nichague ipi. Nikasema ukweli, kwamba anayechagua yuko nyumbani na hawezi kutoka. Daktari akanielewa. Alizungumza na mwenye duka, wakanifungia chupa zote kwenye mfuko, nizirudishe zisizotakiwa.

Nilipozipanga kwenye kigoda mbele ya Shiru, alikaa wima kwa mara ya kwanza wiki ile. Akavisoma vibandiko vyote, mbele na nyuma, kwa sauti. Akaniuliza daktari alisema nini, neno kwa neno, na niliporudia habari ya ngozi nyembamba alifumba macho. "Pole, Chipo," akasema. "Nilikufanya mteja." Halafu akaanza kunusa, chupa moja baada ya nyingine, akiishika mbali, akiisogeza polepole. Ile ya mbwa weupe ilimfanya aweke mkono mdomoni. Ya watoto wa mbwa ilikuwa na harufu ya peremende, akairudisha. Ile ya oti aliinusa, akanusa tena. "Hii hainuki kitu," akasema kwa furaha. "Inanuka kama uji wa jana." Kondishena akachagua vivyo hivyo, ile nyepesi isiyo na harufu, akamwaga tone kidoleni, akalisugua na kidole gumba, akalitazama linavyoteleza. Nilimwona kwa dakika hiyo jinsi alivyokuwa saluni kwake, kabla sijamjua.

Kisha zikaja Jumamosi nzuri. Sijui zilikuwa ngapi, zimeungana kichwani mwangu zikawa siku moja ndefu ya jua. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikayapima kwa kifundo cha mkono alivyonifundisha, kwa sababu mbwa anaungua upesi kuliko mtu. Nilimchana Chipo kwanza akiwa mkavu, fundo kwa fundo, nikishika nywele kwenye shina nisimvute. Pamba masikioni. Maji kuanzia shingoni, ili viroboto wasikimbilie usoni. Shampuu niliichanganya na maji kwenye chupa tupu, nikatia povu kwa vidole bila kusugua, kisha tukangoja, maana ile ya oti haifanyi kazi ukiiosha hapohapo. Wakati wa kungoja ndio ulikuwa wakati wa maneno. Shiru alinisimulia wateja wake, mke wa mchungaji aliyesukwa akisinzia na kutaja majina ya watu katika usingizi, bibi harusi aliyebadilisha mtindo mara nne na mwisho akakimbia saluni na rola kichwani. Alinisimulia mvulana mmoja aliyekuwa akija kumtembelea kabla ya ugonjwa, na jinsi alivyoacha kuja, na akasema hamlaumu, kisha akasema, "Namlaumu kidogo." Mimi nilimsimulia Kibera, harusi zetu, jinsi haboba anavyogombana na redio. Halafu kusuuza, na kusuuza tena, mpaka maji yatoke bila povu. Kondishena kwenye manyoya marefu tu, si kwenye ngozi. Kusuuza. Taulo. Kisha mimi nilikwenda kwenye mfereji nikajitwaharisha kama nilivyofundishwa, nikibadilisha nguo zote, na niliporudi Chipo alikuwa ameanikwa juani miguuni pake. Magamba yakaisha. Manyoya yakaota upya ubavuni, mafupi na laini kama ya kifaranga. "Angalia," Shiru aliniambia kila wiki, akipapasa pale. "Zinarudi."

Nimefanya kazi ya kuuguza watu majumbani tangu nilipotoka pale, na nimeosha miili mingi, ya wazee na ya watoto, ya watu waliopona na ya watu ambao kuoshwa kwangu kulikuwa kwa mwisho. Wenzangu huniuliza kwa nini napima maji kwa kifundo, kwa nini nanusa kila sabuni kabla ya kuipeleka kwa mgonjwa. Huwa nasema nilifundishwa hivyo. Hawaulizi zaidi, na mimi siongezi. Ukianza kueleza mbwa lazima ueleze na msichana, na kwa miaka mingi nilikuwa siwezi kufika mwisho wa maelezo hayo bila sauti kunikatika.

Baridi ya Julai ilipoingia tulihamishia beseni kwenye varanda ya nyuma, chini ya dirisha la jikoni. Jumamosi moja Tata Nyambura alikuja, na yeye na Mama Shiru wakaingia jikoni. Nilikuwa nimeshatia povu. Shiru alikuwa kwenye kochi, amefunikwa mablanketi mawili, akinielekeza. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa makaa.

"Wamesema nini?" Tata akauliza.

Kisha sauti ya Mama Shiru, ile kavu, lakini imepasuka katikati. "Wamesema nimrudishe nyumbani. Nimpe chochote anachopenda. Wamesema dawa sasa inamtesa tu."

"Ngai. Na yeye anajua?"

"Nitamwambiaje? Nyambura, niambie. Nitaanza na neno gani?"

Mikono yangu ilisimama mgongoni mwa Chipo. Sikuthubutu kuinua macho. Povu lilikuwa likishuka polepole kwenye glavu, na mbwa alinitazama, akingoja. Halafu nikamsikia Shiru, kwa sauti yake ya kila siku, ya chini kidogo.

"Suuza, Halima. Atashikwa na baridi."

Nikasuuza. Nilisuuza mpaka nikamaliza jagi zote. "Na chini ya kwapa," akasema. "Huwa unasahau hapo." Nikasuuza chini ya kwapa. Nilipomfunga Chipo taulo ndipo nilipomtazama Shiru. Alikuwa ameinua uso kuelekea mpasheni, machozi yakienda kando mpaka masikioni, na hakuyafuta. "Usimwambie mum nimesikia," akasema. "Ameshabeba mengi. Acha afikirie hii moja amenifichia."

Sikumwambia. Wiki zilizobaki zilikuwa tulivu. Mamake alimpikia kila alichotaja, na Shiru alitaja vitu ili mamake apate cha kupika. Alionja kijiko kimoja na kusema kitamu. Jumamosi ya mwisho hakuweza kukaa, tukamlaza varandani kwenye godoro. Aliomba beseni lisogezwe karibu. Mrija ulikuwa umeshatolewa mkononi, hapakuwa tena na sababu ya kuuweka. Akaitumbukiza mikono yote miwili ndani ya povu, mikono iliyokuwa nyembamba kama ya mtoto, akamwosha Chipo mwenyewe, kichwa na shingo tu, taratibu, kwa vidole vya mtu aliyewahi kuosha mamia ya vichwa. Mbwa alifumba macho. Mimi nilimwaga maji alipoinua kidole. Kondishena aliipaka nyuma ya masikio, mahali ambapo mafundo hupenda kuanzia, akasema, "Hapa ndipo uchungu wake wote," kisha akalala usingizi mikono ikiwa bado imelowa, nikaikausha mimi.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa nakaanga gurusa. Mama Shiru alitoka chumbani akasimama mlangoni mwa jikoni. Alizima jiko yeye mwenyewe, akaniambia, "Usipike tena." Ndivyo nilivyojua.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa watu, kisha ikaisha watu. Chipo alilala mlangoni mwa chumba cha Shiru, hakula, kisha akahamia nje, na mvua ikamnyeshea bila yeye kuondoka. Mafundo yakarudi. Hakuna aliyenituma kumwosha, nami sikuwa na nguvu ya kuigusa ile chupa. Nilijua kazi yangu pale imekwisha na nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu. Nilikuwa nimemuuliza haboba kama tungemchukua mbwa, na haboba, kwa huruma, akanionyesha chumba chetu kimoja, na mkeka wa sala, na jiko, akaniuliza nimweke wapi. Nilidhani atapelekwa Limuru. Asubuhi ya kuondoka niliingia uani kumuaga, nikamkuta Mama Shiru amevaa gauni la zamani, amekunja mikono mpaka mabegani. Mbele yake kulikuwa na beseni, na sufuria ya maji yakitoa mvuke, na zile chupa mbili.

"Nionyeshe," akasema.

Nikafungua mfuko nitoe glavu zangu nimpe. Akakataa. Nikamwambia apime maji kwa kifundo, akapima. Nikamwambia achane kwanza, ashike shina. Mara ya kwanza vidole vyake vilipogusa manyoya aliviondoa, akapumua, akavirudisha. Chipo hakusogea. Tulifika kwenye povu, nikamwambia sasa tunangoja. Akakaa kwenye kigoda, mikono imemjaa povu hadi viwikoni, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mlikuwa mnaongea nini?" akauliza.

"Wapi, Mama?"

"Hapa. Jumamosi. Nilikuwa nasikia mkicheka, mimi niko ndani. Kila mara nilitaka kutoka. Nikasema nikitoka watanyamaza." Akajifuta uso kwa bega. "Alikuwa anacheka nini, Halima? Mimi hakunichekea hata mara moja mwaka huu wote. Niambie alikuwa anacheka nini."

Nikauweka mfuko wangu chini. Nilianza na mke wa mchungaji na majina aliyoyataja usingizini, nikasimulia kwa sauti ya Shiru, kwa mikono yake, kadiri nilivyoweza. Mama Shiru alisikiliza bila kuondoa macho yake kwangu. Nilipofika kwa bibi harusi aliyekimbia na rola kichwani, kitu kilimpanda kifuani, nikafikiri ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini kilianza kama kicheko, na vyote viwili vilitoka pamoja. "Endelea," akasema. "Usiache." Povu lilikuwa limeanza kukauka. Tukachemsha maji mengine, tukamsuuza mbwa, tukampaka kondishena, tukamsuuza tena, nami bado nikisimulia, na nilipomaliza yote niliyokuwa nayo Chipo alikuwa amekauka zamani, na mama yake Shiru alikuwa bado anamchana.